Shayiri Iliyookolewa

Pale kijijini kwetu Mustasuo, kaskazini ya mbali, mtu mwenye akili zake hulima mlimani. Bondeni ni kwa jalidi. Ikifika Agosti baridi hutoka kinamasini, ikajilaza bondeni kama ng'ombe aliyeshiba, na alfajiri kila jani linakuwa limevaa weupe. Jua likipanda weupe huyeyuka na jani hubaki jeusi. Hilo kwetu analijua hata mtoto wa kunyonya. Kwa hiyo Tahvo Karppi alipokuja kutoka kusini, ametumwa na ofisi ya mbegu, akaomba auziwe shamba palepale bondeni, wenyewe walitia saini upesi kabla hajapata fahamu, kisha wakaenda kumcheka sauna, kwenye nyumba ya kuogea mvuke.

Tahvo alikuwa na fahamu zake zote. Kazi yake ilikuwa kuiozesha shayiri. Alichukua vumbi la ua la shayiri fupi ya kaskazini, ile inayoiva upesi, akalipaka kwenye suke la shayiri ya kusini yenye punje nono, halafu akalivisha suke kifuko cha karatasi lisije likapata mume mwingine. Mtoto wa ndoa hiyo huenda akarithi haraka ya baba na unono wa mama, na huenda asirithi chochote. Kwa kumtazama humjui. Jalidi ndiyo inayomjua. Ikishapita, aliye dhaifu amekufa na aliye imara amesimama, na mwenye shamba anajua ni mbegu ipi ya kuweka. Ndiyo maana alitaka bonde. Aliwaeleza watu hayo mara moja, dukani, kwa maneno ya kitabuni, na hakuna aliyesikiliza hadi mwisho.

"Karppi," alimwambia Iisakki Moilanen, jirani yake wa mlimani, siku za mwanzo, "umeivisha shayiri kofia isipate mafua?"

"Nazuia wageni wasioalikwa."

"Basi nishonee na mimi moja, nimvishe mama mkwe."

Walikuwa wanataniana hivyo. Ni jalidi ya mwaka wa pili iliyoharibu mambo. Ilikuja mapema, ikapanda hadi mlimani, ikaua shayiri ya kila mtu. Iisakki alikuwa amesimama na fyekeo akijiandaa kukata mavuno yake yawe majani ya ng'ombe, aliposikia mtu anacheka kule chini. Alikuwa Tahvo. Anakimbia kati ya mistari, kofia mkononi, anamwita mkewe: "Rauha! Njoo uone! Imekufa yote, imebaki mistari mitatu!" Alifurahi kama aliyepata mtoto wa kiume. Hakuinua macho, kwa hiyo hakuona kwamba kijiji kizima kimesimama kule juu kinamtazama.

Tangu hapo akaitwa Bwana Jalidi. Watu wa kwetu hawagombani, wananyamaza, na kimya chao si cha kuchezea. Majira ya baridi wanawake hushona pamoja kwa ajili ya kanisa, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba inayofuata kando ya barabara. Zamu ilipotoka kwa Saimi, mke wa Iisakki, iliiruka nyumba ya Karppi ikaenda kwa Hermanni mwenye duka. Rauha aliwaona dirishani wanapita na vikapu vyao, macho mbele. Kabatini alikuwa na vikombe kumi na viwili vya harusi, vya ukingo wa bluu. Kwa miaka yote iliyofuata vilikuwa vinatumika viwili tu.

*

"Watalifunga shamba," alisema Tahvo akikaza kamba za viatu. Basi la kwenda kwenye treni lilikuwa karibu kupita. Wakubwa wa kusini walikuwa wamemwita.

"Waonyeshe masuke," alisema Rauha.

"Masuke yote mazuri, ndiyo taabu yenyewe. Mwaka wa joto hata mjinga anafaulu mtihani. Tangu ile jalidi yetu haijaja nyingine. Watoto na wajukuu wa ile mistari mitatu wamesimama pale nje wote wanafanana, na mimi sijui yupi ni yupi."

"Sasa utawaambia nini?"

"Wanivumilie hadi mavuno. Nataka jalidi moja tu, Rauha. Ikija moja kabla ya mavuno, nina jibu, na shamba linabaki. Isipokuja, tunafungasha."

"Na ikija wewe hupo?"

"Mshukuru Mungu, kisha ukalale. Usiguse kitu. Iache iue inachotaka kuua."

Rauha alimfungia mkate na samaki wa chumvi katika karatasi. Alizungusha uzi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Na mimi nitakaa na nani?" aliuliza.

Tahvo alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Ni siku chache tu."

"Sikukuuliza ni siku ngapi."

Basi lilipiga honi kule barabarani. Tahvo alimgusa bega kidogo, kama mtu anayejaribu kuona kama rangi imekauka, akachukua mkoba wake akaenda. Tahvo hakuwa mume mbaya. Alikuwa na shayiri ya kumtosha, na alidhani inawatosha wote wawili.

*

Kesho yake Rauha alikwenda dukani bila kuhitaji kitu. Wanawake watatu walikuwa kwenye kaunta wanazungumza juu ya mchumba wa binti wa mchungaji, na mlango ulipolia, mazungumzo yalikatika kama yamekatwa kwa mkasi. Wakampisha. Wakampisha zaidi ya inavyostahili, nafasi ya kupitisha farasi.

Njia nzima Rauha alikuwa amejiandalia swali. "Hermanni, uzi huu wa bluu hautoi rangi ukifuliwa?"

"Hautoi."

"Nipe basi kidonge kimoja."

Hermanni akampa. Ndiyo yote. Rauha akatafuta jambo jingine la kusema, lolote, na kwa bahati mbaya akatazama dirishani. "Mbingu imekuwa safi leo," alisema.

Kwingine hilo ni neno la heri. Kwetu, jioni ya Agosti isiyo na wingu wala upepo, kila mtu anatazama juu, maana usiku wake ndio wa jalidi, na hakuna anayesema. Mmoja wa wale wanawake aligeuka. Ni yule mrefu, dada yake Iisakki.

"Bwana wako amesafiri, nasikia," alisema. "Amekwenda kuileta?"

Hermanni alishusha macho kwenye mizani isiyo na kitu. Rauha aliweka uzi kwenye kikapu, akasema kwaheri kwa wote, akafunga mlango polepole usije ukapiga kelele. Hajashuka ngazi akasikia mazungumzo yanaendelea palepale yalipoishia, kwa binti wa mchungaji. Alitembea hadi nyumbani akiwa ameuma mdomo wa chini. Alilia alipofika kwa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hasimulii.

*

Jalidi ikaja alfajiri iliyofuata.

Rauha alitoka na shali begani akakuta kipimajoto kimeshuka chini ya sifuri, na nyasi za uani zinavunjika chini ya viatu. Hakuna ndege, hakuna upepo. Shayiri ya mumewe ilikuwa imesimama nyeupe kuanzia uzio hadi ukingo wa kinamasi. Rauha alifurahi, lazima lisemwe hilo. Alifunga mikono akashukuru kama alivyoagizwa, akamwona moyoni Tahvo anakimbia na kofia yake. Kwa muda kidogo alikuwa mke wa mtu aliyepata alichokitaka.

Kisha akasikia magurudumu. Gari la farasi lilikuwa linateremka kutoka mlimani, na nyuma yake watu, wengine na uma za mbolea, wengine na ndoo. Mbele alikuwa Iisakki, na gari lake limejaa visiki vya msonobari vyenye utomvu, na majani mabichi, na matope ya kinamasi ya kufukizia.

"Karppi yuko wapi?" alipaza sauti Iisakki.

"Kusini."

"Anachagua siku huyo! Haya, kiberiti! Mlimani imetusamehe, imelala huku kwenu yote. Bado nusu saa jua litoke. Hermanni, anza kule kwenye uzio!"

Kwetu siku ya jalidi haiulizwi shamba ni la nani. Hata kama jana mlitaka kutoana macho kwa ajili ya mpaka, leo unambebea kuni. Moshi ukilala juu ya shamba kabla ya jua, baridi hulegea na jua halichomi, na mavuno hupona. Babu zetu walifanya hivyo kwa adui zao, na wajukuu hawakutaka kuwa wabaya kuliko babu.

Rauha alikuwa ameshalitunga neno. Msiwashe. Lilikuwa fupi tu, na alikuwa na muda wa kutosha kulisema, maana Hermanni bado alikuwa anahangaika na visiki vyenye umande. Alifungua mdomo. Saimi akafika pale alipo, akavua shali lake zito la sufu, akamfunika nalo juu ya lile jepesi.

"Mwanamke, unatetemeka," alisema Saimi. "Uko peke yako hapa?"

"Niko peke yangu," alisema Rauha.

Badala ya lile neno yakatoka hayo. Saimi akamshika mkono, hakuuachia, na kule kwenye uzio kisiki cha kwanza kikashika moto.

Waliwasha kila upande. Moshi ulikuwa mzito na wa njano, ukajikunja juu ya shayiri ukakaa. Rauha alibeba ndoo za matope pamoja nao. Alikimbia, aliitwa kwa jina lake, alikaripiwa. "Rauha, huku! Rauha, usimwage yote!" Ni nani aliyekuwa amemkaripia tangu aje Mustasuo? Jua lilipotoka lilikuwa jekundu kama kaa nyuma ya moshi, na halikuchoma kitu.

Kazi ilipokwisha walikaa jikoni kwake, nyuso nyeusi, na akateremsha vikombe vyote. Havikutosha. Hermanni alinywea kopo la kukamulia.

"Tazama vikombe hivi!" alisema Saimi. "Na ulikuwa unamfichia nani?"

"Nilikuwa nawafichia ninyi," alisema Rauha, na watu wakacheka, na yule dada mrefu wa Iisakki akacheka pia, akasogeza kikombe chake aongezewe.

Iisakki alikuwa anafuta masizi shingoni. "Sasa niambie kweli, mama. Watu wanasema mumeo anaipenda jalidi. Tusije tukawa tumemharibia."

Hapo ndipo Rauha alipopata nafasi ya pili, na watu wengi hawapati hata moja. Moshi wenyewe ulikuwa umeshafanya kazi yake, lakini ukweli ulikuwa bado unasemeka. Rauha alitazama nyuso zile zote zimemgeukia yeye.

"Nani anayeipenda jalidi?" alisema. "Ongezeni sukari."

*

Tahvo aliisikia habari ya jalidi redioni, stesheni, akisubiri treni ya kurudi. Njia nzima hakulala kwa furaha. Siku moja kabla ya jalidi wakubwa walikuwa wamekubali kungoja hadi mavuno, na sasa Mungu naye amekubali. Alitamani kumwambia abiria wa jirani, lakini ungemwambiaje mtu kwamba umefurahi kwa sababu pamekuwa na jalidi.

Basi lilimshusha mbele ya duka. Hermanni alitoka mbio, aproni kiunoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa miaka mingi hakuna mtu pale aliyekuwa amemshika mkono.

"Tumeiokoa, Karppi! Yote! Hakuna jani lililoungua!"

"Mmeokoa nini?"

"Shayiri yako, mwanamume! Tuliifukiza kuanzia ukingo hadi ukingo. Usituone watu wabaya, sisi ni wazito wa mdomo tu."

Tahvo alisimama. Rangi ilimtoka usoni ikarudi. Kisha alivua kofia yake, akasema, "Asanteni sana," na kwa kuwa Iisakki naye alikuwa anakuja, alimsubiri, akamwambia naye asante. Iisakki alimpiga mgongoni akamwambia Jumamosi aje sauna, asilete kitu, aje yeye na mgongo wake wa kusuguliwa.

Aliteremka. Shayiri ilikuwa ya kijani, mistari yote, yenye nguvu na isiyo na nguvu, yote inapunga vilevile. Pembeni palikuwa na majivu. Alizunguka shamba lote. Aliangalia hata ile kona ya kinamasini, labda moshi haukufika. Ulifika. Walikuwa wamefanya kazi nzuri.

Jikoni Rauha alikuwa amesimama karibu na jiko. Juu ya meza, kwenye kitambaa safi, vikombe vilikuwa vimeinamishwa vikauke. Tahvo alivitazama, akaketi.

"Nilidhani ulikuwa umelala," alisema. "Njia nzima kutoka dukani nilikuwa najiambia, alikuwa amelala, alipoamka wameshawasha."

"Sikuwa nimelala."

"Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Ulisahau." Alisema kwa upole. Alikuwa anamfungulia mlango.

"Sikusahau, Tahvo."

Alifikiri mumewe atapiga meza. Angependa apige. Tahvo alinyoosha mkono tu, akakigeuza kikombe kimoja, akakigeuza tena kama kilivyokuwa. "Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Vikombe havikutosha," alisema Rauha.

*

Jalidi haikurudi. Tahvo aliisubiri kila asubuhi hadi fyekeo lilipoingia shambani, akipiga magoti mbele ya kipimajoto kama mtu anayesali. Akavuna shayiri nzuri ya kila aina, isiyosema kitu. Jumamosi alikwenda sauna kwa Iisakki, akakaa juu pale penye joto kali, akamsikiliza jirani yake anavyosimulia upya jinsi walivyoiokoa, na kila Iisakki alipofika mahali pa kushukuriwa, alimshukuru. Wakubwa wa kusini walifanya kama walivyosema. Shamba lifungwe, mbegu ziteremshwe ghalani kwao, Karppi apewe meza ofisini.

Theluji ya kwanza ilikuwa imeshashika Saimi alipobisha hodi. Alifuta viatu, akaona kreti katikati ya sakafu ya jikoni, na Rauha amepiga magoti kando yake.

"Unafanya nini?"

"Tunaondoka Jumatatu."

Saimi aliketi bila kukaribishwa. Alitaka kuelezwa mara mbili. "Wanafunga? Baada ya sisi kuiokoa yote? Mimi mwenyewe nilibeba matope hadi mgongo ukanikatika! Wana roho gani watu wa kusini?"

Rauha alimtazama Tahvo. Tahvo alikuwa dirishani anafunga vifuko vyake vya karatasi kwa uzi wa bluu. Angeweza kusema. Sentensi moja tu, na Saimi angejua nani alifunga shamba.

"Wanasema fedha hakuna," alisema Tahvo. "Ninyi mlifanya yenu."

"Na mimi nimekuja kwa lile la kushona," alisema Saimi, na macho yake yakaanza kulowa, jambo ambalo kwetu halionyeshwi kwa jirani. "Tumekubaliana wote. Novemba, ikitoka kwangu inakuja kwako, haiendi kwa Hermanni kwanza. Wiki ya tatu ni zamu yako, Rauha."

"Wiki ya tatu," alisema Rauha. "Asante. Nitaoka."

Saimi hakuelewa, akadhani ni huzuni imemchanganya, akamkumbatia akiwa amepiga magoti vilevile. Alikunywa kahawa kusimama, akayasifu yale mabua makavu ya shayiri yaliyojazwa kwenye kreti kwa ulaini wake, akaenda.

Tahvo alisubiri hadi sauti ya viatu ilipoisha kwenye theluji.

"Ungemwambia," alisema. "Si mwanamke mbaya. Angeelewa."

"Angeelewa. Halafu wasingenitaka tena."

"Lakini tunaondoka, Rauha. Utawahitaji kwa nini? Wiki ya tatu hutakuwepo."

"Najua sitakuwepo." Alikuwa ameshika kikombe alichonywea Saimi, bado kina joto. "Nataka ikifika hiyo wiki, wakipita hapa na vikapu vyao, waitazame hii nyumba. Mmoja wao aseme, leo tungekuwa kwa Rauha."

Tahvo aliacha vifuko vyake. Alikuja akapiga magoti upande wa pili wa kreti, na magoti yake yakalia. Alichukua kile kikombe mkononi mwake, akakifuta kwa mkono wa shati. Akachota mabua ya shayiri, yale ya mistari ambayo hatajua kamwe ipi ilikuwa imara, akakizungushia vizuri pande zote kisivunjike, akampa Rauha.